Siku moja maishani mwangu: msimamizi wa ubora kwenye kiwanda cha kahawa, Kibosho

Saa 11 alfajiri

Oktoba msimu umepamba moto huku Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na siku inaanzia kwenye tangi la kuvundikia kabla hata ya chai. Kahawa iliyomo ilimenywa juzi usiku. Ukitoa ganda jekundu la tunda, punje inabaki imezungukwa na ute mtamu unaoteleza, na mashine yetu haiuondoi. Tunaiacha tangini ili vijidudu vya asili viimeng'enye sukari ya ute, mpaka ulegee wenyewe. Kwenye joto kazi hiyo huisha ndani ya siku moja. Kwetu baridi inaivuta hadi saa 36, 48, na usiku ukiwa mkali hata zaidi.

Kwa hiyo saa ya ukutani haituamulii. Nachota kahawa kidogo, nasuuza, nasugua kati ya viganja. Ikiteleza, bado. Ikikwaruza mikono kama changarawe ya mtoni, ute umeachia. Halafu nachomeka mti katikati ya tangi na kuuchomoa polepole: tundu likijifukia tunasubiri, likibaki wazi tunaosha. Leo limebaki wazi. Tukichelewa hapa saa chache tu, uchachu wa siki unaingia ndani ya punje, na hakuna mkaangaji wa Moshi wala wa Tokyo atakayeweza kuutoa.

Tunafungulia mfereji wa saruji wenye vizuizi vya mbao, na vijana wanaisukuma kahawa kwa reki dhidi ya maji. Punje nzito zinatulia chini nyuma ya kizuizi, nyepesi zinachukuliwa na maji kwenda mbele. Ni hatua ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu hapa sifa ya mlima inaonekana kwa macho. Tuko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Kila ukipanda mita 100, joto hupungua kwa zaidi kidogo ya nusu nyuzi ya Selsiasi. Mbuni ulioko kwenye ubaridi hauna haraka: kuanzia ua hadi tunda jekundu ni miezi minane au tisa. Muda wote huo punje inajaza sukari na asidi zinazoleta ladha, na inajibana. Kahawa ya chini kwenye joto inakimbilia kuiva kabla haijajaa. Ndiyo maana kahawa nyingi inayotoka vihamba vya juu, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachagga, inazama kwenye kizuizi cha kwanza kabisa.

Saa 1 asubuhi

Chai ya maziwa na ndizi za kuchemsha, kisha vichanjani, kwenye meza za nyavu za kukaushia.

Akina mama wameshafunua maturubai na kutandaza kahawa kwenye nyavu. Wanachambua kwa vidole, bila kuangalia sana, huku wakizungumza habari za msiba wa jirani: iliyokatwa na mashine, yenye tundu la mdudu ruhuka, iliyobaki na ganda jekundu. Kahawa hukaa hapa siku 8 hadi 14 kutegemea jua, ikigeuzwa mara kwa mara, mpaka unyevu ushuke hadi kati ya asilimia 11 na 12. Kipima unyevu ninacho, lakini mama mmoja aliyefanya kazi hii tangu ujana wake huivunja punje kwa jino na kuniambia kabla sijawasha kifaa.

"Hii bado kesho kutwa, mwanangu."

Kifaa kinasoma 13.

Saa 3 asubuhi

Napanda shambani na wachumaji wanne. Leo ni kihamba cha mzee mmoja mwanachama wetu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mmekuja kunikagua?"

"Tumekuja kukuchumia, babu."

Asiyewahi kuingia kihambani akifika anaona vurugu: mfuruanje, mti wa kivuli, juu kabisa, migomba chini yake, mibuni chini ya migomba, magimbi kandokando ya mfongo, yaani mfereji wa maji, na banda la ng'ombe linalotoa samadi ya vyote hivyo. Kila kitu kina kazi yake. Kivuli cha miti kinazidi kupunguza joto, majani ya migomba yanafunika udongo, na udongo wenyewe ni wa volkano, mweusi, wenye kina. Kuna mashamba makubwa ya kahawa duniani yenye mistari iliyonyooka na jua kali kutwa. Yanatoa kahawa nyingi kwa eneo. Mimi kwa ladha nachagua vurugu ya babu.

Mibuni yake mingi ni ya zamani, aina ya N39 iliyochaguliwa kwenye kituo cha utafiti cha Lyamungo, na imepandwa na baba yake. Kahawa iliingia Kilimanjaro kupitia misheni: mapadre wa Roho Mtakatifu waliipanda Kilema mwaka 1898, halafu Wachagga wakaichukua wakaifanya yao, hadi wakaunda umoja wao wa ushirika, KNCU, mwaka 1933. Babu anaisimulia historia hiyo kwa namna yake. Ada yangu ya sekondari imetokana na kahawa, anasema, na ya watoto wangu pia.

Shida ya mibuni hii ni magonjwa. Chulebuni huozesha tunda likiwa bado changa, na kutu ya majani huuacha mti uchi. Lyamungo, ambako sasa kuna makao makuu ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa Tanzania, wametoa chotara zinazostahimili magonjwa yote mawili. Wapo wanaonung'unika kuwa miche mipya haina ladha ya zamani. Nimezionja zote, na nasema wazi kwamba chotara iliyochumwa vizuri na kuvundikwa vizuri inaishinda N39 iliyochumwa ovyo. Nimemshauri babu ajazie mapengo kwa miche mipya. Amesema atafikiria, maana yake hataki.

Sasa kuchuma kwenyewe. Shika tawi moja la mbuni uliangalie: kuna tunda jekundu, la njano, la kijani, na pengine ua, vyote vimekaa pamoja. Mbuni hutoa maua kwa mafungu kadiri mvua zinavyokuja, basi na matunda huiva kwa mafungu. Tunalotaka ni jekundu iva pande zote, ambalo ukilibana kidogo punje zinaruka nje. Lenye njano kitakoni linaachwa. Kwa hiyo mti huo huo utarudiwa baada ya wiki moja au siku kumi, tena na tena, hadi Desemba. Na kupata kilo moja ya kahawa safi, yaani punje kavu zilizokobolewa, unahitaji kilo sita hivi za matunda. Mtu akiniuliza kwa nini kahawa ya mlimani ni ghali, namwambia aje siku moja achume debe moja la nyekundu tupu kwenye mteremko huu.

Kabla ya kushuka babu ananionyesha msitu ulio juu yetu. Anasema zamani ukungu ulikuwa unashuka hadi mlangoni kwake. Joto likizidi, kahawa inataka kupanda juu zaidi, na juu hakuna nafasi: msitu ule uliunganishwa na Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, na ni sawa uwe hifadhi, kwa kuwa maji ya mfongo wetu yanatoka huko. Tutakachofanya ni kulinda kivuli tulichonacho. Kila ninapoona mtu anakata mfuruanje ili auze mbao, naumia kwelikweli.

Saa 6 mchana

Jua limewaka. Tunafunika vichanja mpaka saa 9. Watu wengi hudhani jua kali ndilo zuri kwa kukaushia, kumbe ganda la ndani hupasuka, punje inabaki wazi, na ladha inaanza kupotea kabla kahawa haijafika ghalani. Usiku tunafunika tena, safari hii kwa sababu ya umande.

Nachukua sampuli zangu, nakimbilia daladala ya Moshi.

Saa 8 mchana

Kwenye maabara ya kuonjea tuko watatu, na hakuna aliyepaka manukato. Sampuli zilikaangwa jana, rangi ya kahawia hafifu, kwani ukikaanga hadi nyeusi utaonja moshi tu. Kila sampuli ina vikombe vitano, ili kama kuna punje moja mbovu, ijitokeze kwenye kikombe kimoja. Gramu 8.25 za kahawa iliyosagwa kwa mililita 150 za maji ya nyuzi 93 hivi. Kwanza tunanusa unga mkavu. Tunamimina maji, tunasubiri dakika nne, tunavunja tabaka la juu kwa kijiko pua ikiwa karibu kabisa na kikombe. Kisha tunaengua povu, tunaacha ipoe, tunaivuta kwa kishindo ili isambae ulimi mzima.

Sampuli ya kwanza ni ya vihamba vyetu vya juu. Ikiwa ya moto inaonyesha uchachu safi wa chungwa. Ikipoa kidogo inakuja ladha ya zabibu nyeusi, halafu utamu unaobaki kooni. Huo uchachu ndio watu wasiozoea huuogopa, wakidhani kahawa imeharibika. La hasha. Ni zile asidi za matunda, za aina ileile iliyomo kwenye chungwa na tufaha, zilizohifadhiwa na baridi. Kahawa nzuri inazidi kupendeza inapopoa, na mbaya inapopoa ndipo inapojisema.

Sampuli ya tatu, kikombe cha nne, sote tunasimama. Ladha ya karanga mbichi na karatasi. Hiyo ni punje iliyochumwa kabla ya wakati, ambayo haishiki rangi hata ukiikaanga. Punje moja, na kikombe kizima kimekwenda. Kwenye mizani ya alama 100, kahawa inayofika 80 ndiyo huitwa kahawa maalumu. Sampuli ya kwanza imepita vizuri, ya tatu naandika irudiwe kuchambuliwa.

Hapa niseme jambo kuhusu madaraja, maana kila anayenunua kahawa yetu anatafuta AA. AA ni ukubwa: punje zisizopita kwenye chekeche namba 18, yenye matundu ya milimita 7 hivi. Haisemi lolote kuhusu siku ilipochumwa wala tangi ililolala. PB nayo, ile ya duara ambayo kwenye tunda imekua punje moja badala ya mbili, ina wapenzi wake hadi Marekani, na kwa kweli ni nzuri kukaanga kwa sababu inazunguka vizuri na kuiva sawasawa. Lakini nikiweka AA na PB za fungu moja mezani, tofauti ni ndogo kuliko ile iliyopo kati ya mchumaji makini na asiyejali. Jina nalo lina mambo yake. Japani "Kilimanjaro" kwenye pakiti inaweza kuwa kahawa ya kuoshwa ya aina ya arabika kutoka Mbeya au Mbinga, mbali huko kusini mwa Tanzania. Siwalaumu wanaoikuza huko, kahawa ya Mbinga nimeionja na naiheshimu, ila mnunuzi aulize kijiji.

Saa 11 jioni

Foleni kiwandani. Ndoo, viroba, magunia kwenye bodaboda. Kahawa iliyochumwa leo lazima imenywe leo, kwani ikilala ndani ya ganda inaanza kuchacha yenyewe.

Kijana mmoja ameleta viroba viwili vya mama yake. Nafungua cha pili: kijani nyingi.

"Dada, si zote zinaingia mashine hiyohiyo?"

"Zinaingia, kaka. Mbichi haimenyeki, inakatwa. Na ikikaangwa inaharibu kikombe cha kila mtu aliye kwenye foleni hii. Njoo tuchambue wote."

Tunamwaga kwenye turubai, wawili waliomfuata kwenye foleni wanachuchumaa kusaidia ili mambo yaende. Dakika chache tu, tumemaliza. Mbichi na zilizopitiliza zitakaushwa na ganda lake ziuzwe kwa jina la "mbuni", kama tunavyoiita kahawa isiyomenywa wala kuoshwa, kwa bei ya chini. Nyekundu zinapita kwenye tangi la maji, zinazoelea zinaenguliwa, zilizozama zinapimwa. Namwandikia risiti na kumwambia aje na mama siku ya Jumamosi, tutaonyeshana rangi kwenye tawi lenyewe.

Saa 1 usiku mashine inaunguruma. Maganda yanakwenda kwenye shimo la mboji, maji machafu kwenye shimo lake mbali na mto. Kila fungu linapata kibandiko: tarehe, ukanda wa vihamba, tangi. Bila kibandiko hicho, kile kikombe cha nne cha mchana kisingekuwa na mwenyewe, na kesho tungerudia kosa lilelile.

Saa 4 usiku

Nyumbani, miguu kwenye beseni la maji ya moto, najibu ujumbe wenu. Swali ni lilelile: niipikeje ili nipate hizo ladha?

Nunua ikiwa punje, yenye tarehe ya kukaangwa kwenye pakiti, na uimalize ndani ya mwezi mmoja au miwili. Saga ile ya kunywa sasa hivi tu. Gramu 60 kwa lita moja ya maji, yaani gramu 15 kwa kikombe kikubwa. Chemsha maji, epua, subiri nusu dakika, mimina. Huna chujio la kahawa? Tumia birika la kawaida: koroga, funika dakika nne, acha machicha yatulie, kisha mimina taratibu. Usiichemshe na maji jikoni kama chai, uchungu utafunika kila kitu. Usiitunze kwenye friji, itanyonya harufu ya samaki na vitunguu. Kopo lenye mfuniko unaobana, kabatini, linatosha. Kabla ya kuongeza sukari, onja mara mbili: ikiwa ya moto, na ikishapoa kidogo. Ukishaionja, niandikie umesikia nini, na unitajie kijiji kilichoandikwa kwenye pakiti.