Mti ulionyweshwa maji ya eisii

Ofisini kwetu kulikuwa na mti kwenye chungu, hakuna aliyekumbuka uliletwa na nani, sote tunauita mti wa Krismasi basi. Matawi yake yamepangwa ghorofa ghorofa, kila ghorofa limetanuka sawa pande zote, ukiwa mzima unapendeza kweli. Sasa siku hiyo ninayoisema ulikuwa unapendeza juu tu, huku chini matawi yashakuwa kahawia, ukishika kijiti kinakatika tik na vijani vyake vyote, sakafu imejaa takataka, dada wa usafi kashalalamika mpaka kachoka na bosi kashatoa amri kwamba ukatupwe.

Mi nikasema jamani ngojeni kwanza.

Aliyekuwa anautunza ni mzee wetu wa stoo, na anautunza si utani, kila asubuhi kabla hata hajafungua mlango wake anaupa kopo la maji. Nikamfuata, shikamoo mzee, mti wako unaenda jalalani leo. Akasema marahaba mwanangu, hiyo ni kiu tu, ngoja niuongeze. Nikachomeka kidole kwenye udongo, kikazama chote, kikatoka na tope na ile harufu ya mtaro. Kiu gani tena hapo!

Nikainua kichwa. Eisii, ile mashine ya kupoza hewa, iko juu yake kabisa, imewekwa nyuzi 16, inapuliza matawi ya upande ule mpaka yanacheza, na upande ule ndio ulioungua zaidi. Nilikuwa na kale kamashine kadogo ka kupima joto na unyevu wa hewa, nikakaweka pembeni ya chungu, tukakasubiri na mzee tumesimama tu watu wanatushangaa. Kakasoma unyevu asilimia 41. Tukakapeleka kwenye dirisha la ngazi, pale ambapo eisii haifiki na mwanga ni mwingi, kakapanda mpaka 66.

Mzee akaniambia namba hizo zako sizielewi, mti unakunywa kwa mizizi haunywi kwa hewa. Na kusema ukweli hapo alikuwa na hoja, mti haunywi hewa, ila hewa ikiwa kavu na upepo juu yake inauvuta maji kwenye majani haraka kuliko mizizi inavyoweza kuleta, na mizizi yenyewe ikishakaa kwenye tope inakosa hewa inaanza kuoza, kwahiyo unakauka huku umeloa. Nilivyomweleza hivyo akatikisa kichwa tu.

Ndo nikamuuliza, mzee haya maji unayoupa unachota wapi? Akanipeleka nje, chini ya ule mpira wa eisii kuna ndoo, imejaa, inadondoka to, to, to. Akasema maji safi haya kwanini yapotee. Kumbe bwana! Nikamwambia mzee, haya maji yametoka wapi, eisii haijaunganishwa na bomba. Akanyamaza. Nikamwambia haya ndo ule unyevu wa hewa ya mle ndani, mashine inapoipoza hewa unyevu unageuka matone kwenye yale mabomba yake ya baridi unakuwa maji unatoka nje, kwahiyo inaunyang'anya mti hewani huku wewe unayabeba kwa kopo kuyarudisha kwenye udongo ambao haukuyaomba. Akaitazama ndoo, akanitazama mimi, akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema basi njoo tubebe.

Tukaubeba mpaka dirisha la ngazi, mzito ule, udongo wote maji. Bosi akatukuta njiani, mzee ndo akamwelezea habari ya ndoo, tena kwa kujiamini utadhani kaigundua yeye. Mi nikamwongezea kidogo kwamba huu ni msonobari wa Norfolk, kwao ni kisiwa hichohicho cha Norfolk, kusini-magharibi mwa Pasifiki, kati ya Nyuzilandi na Kaledonia Mpya, Kapteni James Cook alikipita 1774 akaikuta misonobari hiyo imejaa, mirefu, kuna inayozidi mita 50. Bahari imekizunguka kisiwa kwahiyo hakuna joto kali wala baridi ya kuganda, na hewa ina unyevu muda wote. Ndani ya nyumba unataka hivohivo, nyuzi 16 mpaka 22 hivi, usiku ukipoa kidogo unafurahi, unyevu asilimia 50 kwenda juu, na usikae kwenye upepo wa eisii wala hita. Hiyo 16 ya eisii sio tatizo kama namba, tatizo ni kupulizwa nayo kutwa, halafu jioni mashine inazimwa madirisha yamefungwa joto linapanda, kesho tena.

Bosi akasema haya, ukifa mtautoa nyie.

Haukufa. Tuliacha kuumwagilia mpaka udongo wa juu ukakauka, tukaweka chini yake sinia la kokoto na maji, chungu kikae juu ya kokoto kisiguse maji. Kuna mtu akaleta chupa ya kupulizia, mi hiyo siiamini sana, yale matone yanakauka baada ya muda mfupi tu hewa inarudi palepale, lakini alikuwa anafurahia nikamwacha. Kileleni likatoka ghorofa jipya, kijani kile laini cha kung'aa. Yale ya chini hayakurudi, na hayarudi, tawi la mti huu likishakufa pale panabaki uwazi, kwahiyo mpaka naondoka ofisi ile ulikuwa na mguu mtupu na kofia nzuri.

Mzee alitaka tuyakate matawi yenye uhai ya chini tuyapande yawe miti mingine. Nikamwambia tawi la pembeni hata likishika mizizi linaendelea kukua kwa ubavu, halisimami. Hakuniamini, akakata moja akalipanda kwenye kopo lake lilelile.