Tarehe 12 Februari, kutoka studio hadi Ngong Road

Saa 2:30 asubuhi. Kikao cha wahariri ni kifupi. Mimi ni mtayarishaji wa vipindi vya redio, na jioni ya leo nusu saa ni yangu: watu waliopotea baharini katika vita vya nyambizi.

Saa 3:15. Kijana aliye mafunzoni ananiuliza, "Dada, nyambizi na Nairobi wapi na wapi?" Nampa muswada asome. Mwanzoni mwa Februari 1944 meli Khedive Ismail iling'oa nanga Kilindini kwenda Colombo, ikiwa na abiria na mabaharia zaidi ya 1,500. Wengi walikuwa wapiga mizinga wa Kikosi cha 301 cha Afrika Mashariki; wauguzi pia walikuwemo. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga topido mbili, yaani makombora yanayokwenda chini ya maji. Ikazama kwa muda wa kama dakika mbili. Walikufa karibu watu 1,300. Waliokuwa chini ya sitaha wangepandaje ngazi kwa muda huo?

Anafika sehemu ninayoionea uchungu kuliko zote. Manowari za Uingereza, Petard na Paladin, ziliiwinda I-27, na mabomu ya kina, yanayolipuka chini ya maji, yakaangushwa pale pale walipokuwa wakielea walionusurika. Kijana anaweka karatasi mezani, haongei.

Saa 5:00. Matatu ya 111 hadi makaburi ya vita, Ngong Road. Ndani yake kuna mnara wa ukumbusho wa Afrika Mashariki, wa askari wasio na kaburi linalojulikana, na miongoni mwao wamo wa Khedive Ismail. Nasoma majina kwenye maikrofoni, taratibu, kila jina na pumzi yake. Mtunza bustani ameniona, akazima mashine ya nyasi bila kuombwa. Mungu ambariki.

Saa 8:00 mchana. Chakula, barua pepe, simu mbili tatu.

Saa 9:00. Kuhariri. Nusu ya pili ni ya mabaharia wa nyambizi wenyewe. Kursk ya Urusi, Agosti 2000, watu 118: topido ililipuka ndani yake, 23 wakabaki hai kwa muda katika chumba cha nyuma, na ofisa Dmitri Kolesnikov akaandika majina yao gizani. San Juan ya Argentina, 2017, watu 44. Familia zilingoja mwaka mzima hadi ikapatikana, zaidi ya mita 900 chini. Nanggala ya Indonesia, 2021, watu 53, kaskazini mwa Bali.

Mwenzangu anataka nikate mabaharia wa I-27. Ndio waliowaua watu wetu, anasema. Namwelewa, lakini sikati. Topido ya Petard iliizamisha siku ile ile, na wao pia walikuwa na mama waliongoja. Nawataja baada ya wetu, kwa sentensi moja iliyo wazi.

Saa 12:30 jioni. Hewani.

Saa 1:05 usiku. Mzee mmoja anapiga simu kutoka Machakos. "Mwanangu, kaka yake baba yangu alipandia meli Kilindini, hakurudi. Nyumbani hatukuambiwa ni bahari gani." Anauliza kama jina liko mnarani. Namwambia, "Shikamoo mzee, nitajie polepole." Analitaja pamoja na jina la babu na la kijiji, nami naandika yote. Kesho asubuhi naanzia kwenye daftari la majina kule makaburini.