Nilivyojifunza kazi ya mwongozaji msaidizi wa filamu nikiwa Mbeya

Kabla sijakabidhiwa seti yoyote, yaani mahali pa kurekodia, nilijifunza kwa karatasi. Nilichukua skripti, nikapiga mstari kila sini (tukio la mahali pamoja na wakati mmoja) inapoishia, kisha nikaipima kwa sehemu za nane: ukurasa una sehemu 8, hivyo sini ya nusu ukurasa ni 4/8. Nikazungushia kwa rangi kila kinachohitajika, kuanzia waigizaji na ekstra hadi mavazi, magari na mifugo. Kila sini ikapata kipande chake cha karatasi: cheupe ni ndani mchana, cha njano nje mchana, cha bluu ndani usiku, cha kijani nje usiku. Unavihamisha mezani mpaka ratiba ikae.

Kosa langu la mwanzo, na nimeliona kwa wengi, ni kugawa siku kwa idadi ya kurasa peke yake. Ukurasa hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu, lakini haukuambii kuushuti kutachukua muda gani. "Umati unakimbia sokoni" ni 1/8 tu, na inaweza kumaliza asubuhi nzima. Mazungumzo ya watu wawili mezani ya kurasa 3 yanaweza kuisha mapema zaidi. Dawa yake ni daftari la muda: taa zilianza kupangwa saa ngapi, mazoezi, teki (jaribio la kurekodi) ya kwanza, teki ya mwisho. Baada ya siku chache unakadiria kwa ushahidi.

Kwenye seti, wewe ndiye unayeita. Kimya kwanza, halafu sauti ianze kurekodiwa, halafu kamera, kibao chenye namba ya sini na teki kinapigwa, ndipo mwongozaji aseme "akshen". Sauti hutangulia tangu enzi za mkanda wa filamu, kwa kuwa mkanda ulikuwa ghali na hakuna aliyetaka uzunguke bure.

Ratiba ya Dar usiinakili huku. Mbeya iko magharibi zaidi, kwa hiyo jua huchomoza na kuzama kwa kuchelewa kati ya dakika 20 na 30. Ila ukiwa bondeni, mlima utakuzibia mwanga kabla ya saa ya jua kuzama. Juni na Julai, lenzi iliyotoka kwenye baridi ya alfajiri ikiingizwa chumba chenye joto hupata ukungu; iache ndani ya begi lililofungwa mpaka izoee, na muda huo uuandike kwenye ratiba.

Mvua ndiyo mtihani wenyewe, hasa Novemba hadi Aprili, na Tukuyu hata zaidi. Kila siku ya nje lazima iwe na sini ya akiba ya ndani, waigizaji wake wakiwa tayari. Lakini nyumba ya bati isiyo na dari haikuokoi: mvua ikipiga, mazungumzo yote yanapotea na hakuna maikrofoni itakayoyarudisha. Kwa hiyo nikikagua nyumba ya akiba, naangalia juu kwanza. Pasipo na dari, naiwekea sini zisizo na maneno tu.