Kichwa cha brasi mezani: umeme kwanza, rangi baadaye

Nakuru, Jumamosi jioni

Mtu akipata kichwa kidogo cha garimoshi la brasi, hamu ya kwanza ni kukisugua king'ae. Afadhali aanze na multimita, kile kipima umeme. Vichwa hivi vya kipimo cha 1:87, vingi vikiwa kazi ya mafundi wa Japani na Korea, mwili wao mzima ni waya. Kwa kawaida magurudumu ya injini huchukua umeme wa reli moja, ya tenda, lile behewa la makaa na maji nyuma ya injini, huchukua wa reli ya pili, na brashi moja ya mota, kile kipande cha kaboni kinachoipitishia umeme, imegusa fremu. Kwa umeme wa kawaida hilo halina neno. Ukitaka kuweka dikoda ya kidijitali, kifaa kidogo kinachopokea amri kupitia reli na kuendesha mota, mguso huo huiunguza papo hapo.

Kwa hiyo ng'oa waya zote za zamani, weka multimita kwenye alama ya mlio, inayolia umeme unapopita, ncha moja kwenye fremu, nyingine kwenye brashi. Ikilia, mota bado haijatenganishwa na fremu: tia skrubu ya nailoni na kipande cha plastiki chini yake.

Halafu pima njaa ya mota. Ipe volti 12, shika shafti isizunguke kwa sekunde moja tu, usome ampea. Sumaku ya mota kuukuu huchoka, na ikichoka mota hunywa umeme zaidi. Kupita ampea 1 si ajabu, na dikoda nyingi za kipimo hiki hubeba hiyo 1 tu. Hapo mimi sibembelezi: naweka mota mpya iliyofunikwa ndani ya kopo la chuma. Badilisha pia kimpira kinachounganisha shafti na gia, maana hukauka kikapasuka. Shafti zisipolingana, kitapiga kelele hata kikiwa kipya.

Waya za dikoda zina kanuni: nyekundu reli ya kulia, nyeusi ya kushoto, rangi ya machungwa na kijivu kwa mota, buluu na nyeupe kwa taa ya mbele. Taa ya LED iwekewe rizista ya kilo-omu 1.

Kichwa kikichechemea mahali pale pale kila gurudumu linapozunguka, usilaumu dikoda. Magurudumu ya upande mmoja yanatakiwa kupishana na ya upande wa pili kwa nyuzi 90. Moja likiteleza kwenye ekseli, vyuma vya pembeni hukwama.

Kishikio kilichobanduka kwenye boila hulehemiwa kwa pasi ya wati 60. Wengi huogopa wakachukua ya 25, kumbe hiyo ndiyo mbaya: brasi hufyonza joto, unakawia, boila lote linapata moto na kengele inadondoka. Funika vya jirani kwa tishu yenye maji, gusa, ondoka. Osha flaksi, ile dawa ya kulehemia, kwa maji ya moto na soda ya kupikia.

Siki husafisha, lakini ikikaa mno hula zinki na kuacha madoa ya waridi. Dawa zenye amonia huweza kupasua brasi. Rangi nayo ina hali ya hewa yake: Nakuru adui ni vumbi, Kisumu ni unyevu unaofanya vanishi iwe na ukungu mweupe.

Na anayetamani rangi ya damu ya mzee ya Garratt 59, zile injini kubwa za mvuke za reli ya Afrika Mashariki, ajue upana wa reli yetu ya mita moja, kwa 1:87, ni milimita 11.5, ilhali vichwa vingi vya brasi vina 16.5, kwa hiyo havilingani.

Rangi ikikauka, ikwangue pale chuma cha tenda kinapogusa skrubu ya injini. Ikibaki hapo, umeme haupiti.