Kumbukumbu ya mradi: FlightGear meza ya Sabasaba

Juni 21

Zimebaki siku saba maonesho yafunguliwe pale viwanja vya Mwalimu Nyerere, Barabara ya Kilwa, na leo ndiyo mara ya kwanza skrini zote tatu za FlightGear, programu ya kompyuta ya kuigiza urushaji wa ndege, zimekubali kuonesha bahari moja. Wiki nzima nilikuwa nahangaika. Ndege ikienda sawa, picha safi kabisa. Ukiilaza upande tu, upeo unakatika vipande vitatu kama kioo kilichopasuka.

Kumbe tatizo lilikuwa pembe. Kompyuta ya kati ndiyo inahesabu mwendo wa ndege, kisha inazitumia zile mbili za pembeni taarifa ya mahali ilipo kupitia waya wa mtandao, mara 60 kwa sekunde. Hizo mbili kazi yake ni kuchora tu. Nilikuwa nimeziambia zichore kwa pembe ya digrii 60, na mezani skrini zenyewe nimezikunja digrii 40. Nimepima upya kwa kipimapembe cha mdogo wangu wa darasa la saba, nikabadilisha namba mbili kwenye faili, basi.

Kwa wanaofuatilia mradi huu kwa mara ya kwanza: FlightGear ni simyuleta ya ndege iliyotengenezwa na watu wanaojitolea. Wazo liliandikwa mwaka 1996 na David Murr wa Marekani, toleo la kwanza likatoka 1997, na kwa miaka mingi Curtis Olson ndiye aliyeushika usukani wa mradi. Wengine ni watu wa nchi mbalimbali: huyu anachora ndege, yule viwanja, mwingine anaandika hesabu za upepo. Wenzetu wamewahi kuiweka mezani kwenye LinuxTag, maonesho ya programu huria kule Ujerumani, na kwenye FSWeekend, maonesho ya simyuleta za ndege, ndani ya makumbusho ya ndege ya Aviodrome, Lelystad, Uholanzi. Nilipoona picha za meza zao nikasema hii inawezekana Temeke.

Juni 25

Kwa kawaida FlightGear inashusha mandhari kutoka intaneti kadiri unavyoruka. Sabasaba sitaitegemea, maana watu wakishajaa hata ujumbe wa simu unasuasua. Kwa hiyo nimeshusha kila kitu mapema. Dunia yake imegawanywa katika mafolda ya digrii kumi kwa kumi, na letu linaitwa e030s10. Hilo moja limebeba Dar, Unguja, Pemba, Kilimanjaro, Mwanza, Dodoma, mpaka Mombasa na Nairobi. Nililifungua nikaliangalia kwa muda. Takriban nyumbani kote kwenye folda moja!

Nimeamua kila mgeni apewe dakika tano. Kutoka Dar hadi Unguja kwa ndege ndogo ya Cessna 172 ni zaidi ya dakika ishirini, foleni itatufukuza. Basi tunamwanzishia maili tatu kaskazini ya uwanja wa ndege wa Karume, Unguja, futi 1,000, njia ya kutulia namba 18 iko mbele yake na Mji Mkongwe upande wa kulia. Julai ni kusi, upepo unatoka kusini, kwa hiyo anatua akiukabili upepo kama inavyotakiwa. Kazi yake ni kushika noti 65 tu, yaani kama kilomita 120 kwa saa, na kuiweka chini.

Juni 28

Tumefungua. Meza yetu iko pembeni ya banda la vijana wabunifu, kati ya mashine ya kukamua alizeti na dada anayeuza sabuni za mwani.

Swali la kwanza, saa tatu asubuhi: "Kaka, mnauza nini hapa?"

Nikamwambia hatuuzi. Akaniangalia, akaangalia skrini, akauliza tena bei. Siku nzima imekuwa hivyo, na nawaelewa, maana haya ni maonesho ya biashara na kila meza ina bei. Nimejifunza kubadili jibu. Sasa nasema: "Leta flashi, nikuwekee." Hapo uso unabadilika. Leo flashi zimeondoka kumi na moja, na moja ilikuja na virusi vyake, ikabidi isafishwe kwanza.

Aliyenifurahisha zaidi ni kijana wa Mbagala mwenye chumba cha gemu. Aliuliza kwa sauti ya chini kama akiiweka kwake na kuwatoza watoto shilingi mia tano atakamatwa. Hakamatwi. Leseni ya FlightGear, iitwayo GPL, inamruhusu kuitumia kwenye biashara, kuinakili, hata kuiuza. Sharti ni kwamba akiigawa kwa wengine, iwe ameibadilisha au la, awape na msimbo wake, yaani maandishi ambayo programu imeandikwa kwayo. Alinirudishia maneno hayo mara mbili ili asikosee.

Julai 2

Mtoto wa miaka kama kumi amekataa kutua Unguja. Anataka Kilimanjaro, na anataka kupita juu ya Kibo. Nikamweka angani karibu na Moshi, akavuta usukani mpaka kifuani. Pua juu, kasi ikashuka, king'ora kikalia, mabawa yakaacha kubeba, ndege ikaporomoka. Akarudia mara tatu, amekaza meno.

Nikamweleza: ndege hii ina injini ya nguvu za farasi 160, na hewa inavyozidi kuwa nyepesi injini na mabawa vyote vinachoka. Mwisho wake ni kama futi 13,000. Uhuru ni mita 5,895, futi 19,341. Kuvuta hakusaidii. Tukabadilisha, tukachukua Twin Otter yenye injini mbili za tabo, akaupita mlima akiwa ametulia kabisa. Mama yake alikuwa amesimama nyuma na mifuko ya ununuzi, hakusema neno. Alipiga picha.

Usukani ndio unanipa mawazo. Niliutengeneza kwa bomba la PVC, reli mbili za droo ya kabati na kipande cha mninga, ndani kuna potenshomita mbili, vipande vya umeme vinavyopima usukani umezungushwa kiasi gani, zinazosomwa na Arduino Leonardo, bodi ndogo ya kielektroniki ambayo kompyuta inaiona kama joistiki ya kawaida. Tangu jana mchana ndege inainama kushoto yenyewe. Nikafungua: vumbi limeingia, na njia ya kaboni imeanza kulika katikati, pale mikono ya wageni inapotikisa zaidi. Nimefunga ya akiba. Ninayo moja tu.

Julai 7

Siku ya Sabasaba yenyewe. Hapakuwa na pa kusimama.

Jioni akaja bibi mmoja na mjukuu wake. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa lafudhi ya Unguja. Mjukuu akakaa, lakini bibi ndiye aliyekuwa akitazama. Akaninyooshea kidole skrini ya kulia: "Mwanangu, ule si mji wetu?"

Nikamwambia ndio. Akasema basi tugeuze. Tukaachana na njia ya kutulia, mjukuu akailaza ndege kulia taratibu, tukapita Forodhani kwa futi 500. Pale mbele kuna Beit-al-Ajaib, modeli niliyoichora mwenyewe kwa miezi miwili: nguzo, baraza za kila ghorofa, mnara wa saa. Nilifuata picha za zamani. Jengo lile la mwaka 1883, lililojengwa na Sultani Barghash, sehemu yake kubwa iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020.

Bibi akasema, "Hapa halijaanguka."

"Halijaanguka, bibi."

"Zunguka tena."

Tukazunguka mara nne. Foleni ilikuwa ndefu, na hakuna aliyelalamika.

Kuna mwenzangu alisema nilipaswa kulichora kama lilivyo sasa, kwa sababu simyuleta ni ya kufundishia rubani anachokiona kweli. Kwa urubani ana haki. Nitaandaa modeli ya pili ya hali ilivyo, na hii ya kwanza nitaiacha kwenye folda yake, mtu achague.

Julai 19

Maonesho yalifungwa tarehe 13. Ile potenshomita ya akiba ilikufa tarehe 12, siku ya mwisho nikawapa wageni kibodi.

Nimeachana nazo. Sasa naweka sensa za sumaku: sumaku ndogo imegundishwa kwenye mhimili wa usukani, sensa iko kando yake, havigusani, kwa hiyo hakuna cha kulika. Arduino inasoma kuanzia 0 hadi 1023, katikati ni 512. Jana usiku niliiacha inaandika usomaji kwenye faili mpaka alfajiri, usukani umetulia. Nimeifungua asubuhi hii kabla ya chai: 511, 512, 512, 511, 512, kurasa na kurasa.

Kijana wa Mbagala amepiga simu. Anataka vipimo vya reli za droo.