Makofi ndiyo yaliyonichagulia spika

Rekodi zangu nyingi ni za taarabu ya jukwaani, na nazipenda kuliko za studio. Unamsikia mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, akikaza nyuzi, mtu anakohoa, halafu ubeti unachoma na kina mama wanapiga vigelegele kutoka nyuma ya ukumbi. Miaka yote nilizisikilizia kwenye sabufa yenye vispika viwili vidogo kama vikombe. Besi inanguruma, mwimbaji kazama. Nikadhani rekodi ndiyo mbovu.

Siku nilipoamua kubadilisha, nilikwenda Kariakoo na flashi yangu mwenyewe, maana madukani wanakupigia wimbo wa kutikisa vioo na unatoka umelewa besi. Kijana akaniambia, "Dada, hii wati elfu tano, jirani atahama." Nikaigeuza nyuma. Kibandiko cha umeme kilisema wati 60. Sasa inakula sitini, hizo elfu tano inazitoa wapi?

Kipimo changu kilikuwa makofi. Spika mbaya huyageuza kuwa mafuta yanayokaanga mihogo, chwaaa moja tu. Iliyo nzuri inakuonyesha viganja: wa mbele wanapiga kikavu, wa nyuma wanafuatia kwa mbali. Za kwanza zilikaanga mihogo. Za pili, ndefu za kusimama, makofi sawa, ila udi ulilia kama debe.

Nilizochukua ni za mtumba kutoka Japani, makasha ya mbao, spika ya besi ya inchi sita na nusu. Za mtumba angalia ukingo wa mpira au sponji unaozunguka koni, ile sehemu ya spika inayotetema; huweza kuoza kwa joto letu. Mmoja ulikuwa umepasuka, nikakata bei, fundi akaubadilisha. Amplifaya nayo ya mtumba, wati 40. Kijana alicheka. Lakini kutoka wati 40 kwenda 80 unaongeza desibeli 3 tu za ukubwa wa sauti, na sebule yangu si uwanja wa mpira.

Nyumbani nikataka kulia. Zilikuwa mbaya kuliko sabufa! Nilikuwa nimezibana pembeni, moja kila kona ya ukuta wenye kabati la tivii, na kona ya chumba huvimbisha besi. Chini vigae vitupu, sauti inadunda kila mahali. Nikazivuta nusu mita kutoka ukutani, nikazipandisha kwenye stuli mbili hadi usawa wa sikio la aliyekaa, nikazigeuza kidogo kuelekea kochi. Nikatoa zulia la chumbani nikalitandika sebuleni, nikashusha pazia zito. Zulia lilifanya kazi kuliko fundi.

Mume wangu analalamika kwamba stuli ya upande wa kulia inamkwaza akienda jikoni. Nimemwambia asiiguse. Kanuni iko kushoto, fidla kulia, na yule anayekohoa yuko hapo karibu na mlango.