Siku moja maishani mwangu: fundi wa laptopu mpakani Busia

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi

Malori huniamsha kabla ya saa ya simu. Chumba ninachopanga kiko upande wa Uganda, karibu na barabara kuu, na foleni ya kwenda Kenya ikianza kusogea, vioo vya dirisha hutetemeka. Nakunywa chai na chapati, nabeba mkoba wa bisibisi, natoka. Busia ni mji mmoja uliopitiwa na mpaka katikati, ndiyo maana Kiswahili chetu hapa si cha shuleni. Msamia, Mteso, Mganda na dereva aliyetoka Mombasa wakikaa benchi moja, hawana lugha nyingine ya kusikilizana. Wazee wa hapa hukwambia hata neno boda boda lilizaliwa kwetu, kwa vijana wa baiskeli waliokuwa wakivusha watu kutoka boda moja hadi nyingine.

Duka langu ni chumba kidogo nyuma ya maghala ya mahindi: meza, taa yenye mkono mrefu, yupiesi moja (kisanduku chenye betri ya kushikilia umeme ukikatika), na kijana ninayemfundisha kazi. Yeye hufika kabla yangu, na nikifika meza imeshafutwa vumbi.

Saa moja na nusu

Mteja wa kwanza ni mama mmoja wakala wa forodha.

"Habari ya asubuhi, mama."

"Si nzuri, mwanangu. Kibodi imekufa, na lori langu limesimama."

Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kizinduliwe mwaka 2018, lori halikaguliwi mara mbili kama zamani. Linasimama mara moja tu, upande linakoingia. Karatasi zikiwa tayari, linapita. Zisipokuwa tayari, linalala, na dereva analala nalo. Karatasi za mama huyu zilikuwa ndani ya laptopu, na laptopu haikukubali hata pasiwedi.

Akanieleza yote. Mwezi uliopita kibodi ilisumbua vivyo hivyo, fundi mmoja akambadilishia, akalipa shilingi 80,000 za Uganda. Ikaandika wiki tatu. Jana jioni ikagoma tena, akaenda kwa fundi mwingine. Yule akachomeka kibodi ya nje ya USB, nayo haikuandika. Akasema basi Windows imeharibika, inafutwa yote na kuwekwa upya. Mama akakataa, kwa sababu mle ndani kuna faili za wateja wake za miaka 4 na nakala hana.

Nilimwambia amefanya vyema sana kukataa. Kufuta kompyuta ya mtu ni jambo la mwisho kabisa, na linaniuma kila ninapolisikia likitajwa kwanza.

Kipimo cha yule fundi kilikuwa halali. Kibodi ya nje ikiandika, ya ndani ndiyo mgonjwa. Nayo ikikataa, unashuku programu. Mimi mwenyewe hukitumia kila siku. Ila kina tundu moja, na ndani ya tundu hilo ndimo laptopu ya mama ilimoanguka.

Nilianza kwa kuizima na kuiwasha huku nikibonyeza kitufe cha kuingia kwenye BIOS, ile programu ya msingi inayoamka kwanza. Huko Windows bado haijaamka. Kitufe kikaitikia, mishale ikapanda na kushuka. Kwa hiyo kibodi haikuwa imekufa na utepe wake, ule waya bapa unaoiunganisha na laptopu, ulikuwa umeshika. Nikaiacha iwake hadi kwenye mlango wa pasiwedi, nikachukua mausi, nikabofya alama ya usaidizi kwenye pembe ya chini ya skrini, nikafungua kibodi ya kwenye skrini. Nikaondoa mikono yote mezani.

"Tazama hapa, mama. Nani amebonyeza hiki?"

Kitufe cha Ctrl cha kushoto kilikuwa kimekolea rangi, na hakuna mtu aliyekigusa.

Ctrl ikishikiliwa, herufi haiwi herufi tena. C inakuwa kunakili, P inakuwa kuchapisha, na kwenye sanduku la pasiwedi haitokei kitu. Na Windows haijali Ctrl imetoka kwenye kibodi ipi. Chomeka kibodi ya nje mpya kabisa: ile ya ndani bado imeshikilia Ctrl, na ya nje itaonekana mbovu pia. Ndilo tundu lenyewe. Kwa kijana wangu nilirudia mara mbili, maana nataka alikumbuke hata nikiwa sipo.

Ilibaki kujua ni nini kinachobonyeza. Nilinyanyua kifuniko cha kitufe: kisafi, kimpira chake kizima, hakuna chembe ya chakula. Kisha nikaisukuma laptopu pembeni nipate nafasi ya kuandika, ikayumba kama kiti chenye mguu mfupi. Nikaiinamia nikatazama ubavuni. Tumbo lilikuwa limetoka.

Saa mbili

Nilipoona vile nikachomoa chaja mara moja, nikaizima, nikamwomba mama akae karibu na mlango. Betri ya lithiamu iliyovimba si ya kuchezea. Hujaa gesi ndani kwa uzee na joto, hasa ikiishi miaka kwenye chaja ikiwa asilimia 100. Ukiitoboa kwa bisibisi inaweza kuwaka moto ambao maji ya kikombe hayauzimi.

Skrubu kumi. Mfuniko wa chini uliruka wenyewe skrubu ya mwisho ilipolegea. Betri hukaa chini ya mahali unapoegesha viganja, na upande wake wa kushoto ulikuwa umepanda hadi ukaisukuma kibodi kutoka chini, pale pale ilipo Ctrl.

Sasa nikaelewa kwa nini kibodi mpya haikusaidia. Kibodi ya laptopu ya aina hii hutolewa kwa juu, unafungua skrubu mbili na kuing'oa kwa kadi ya plastiki. Anayeibadilisha haoni betri kabisa. Simlaumu aliyefanya hivyo, lakini ningetaka kila fundi aiweke laptopu kwenye meza tambarare kabla ya kushika bisibisi. Ni sekunde mbili.

Nilichomoa plagi ya betri kwanza, kisha nikaitoa taratibu bila kuibana, nikaiweka kwenye debe la bati lenye mchanga mkavu, nje, mbali na magunia ya mahindi ya jirani. Kijana alitaka kuigusa aone ilivyo laini. Nilimzuia kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia.

Saa tatu kasoro robo

Laptopu nyingi huendeshwa na chaja peke yake bila betri. Nikaachilia utepe wa kibodi ya ndani, nikachomeka chaja kwenye yupiesi yangu ili umeme ukikatika asipoteze kazi, nikampa kibodi ya nje ya dukani. Pasiwedi ikaingia mara ya kwanza.

Mama hakusema neno. Alivuta kiti akaanza kuandika, miwani puani, stakabadhi zimetandazwa juu ya meza yangu yote. Tukamwachia meza. Kazi nyingine tulizifanya juu ya magoti. Kabla ya saa nne tamko lake lilikuwa limeingia kwenye mfumo wa forodha, akampigia dereva, kisha akanakili faili zake zote kwenye diski ya nje aliyomtuma kijana aende kumnunulia. Hilo la diski sikumwambia mimi.

Wakati huo nilikuwa nimepiga picha ya lebo ya betri na kuituma kwa muuzaji Kampala. Huwa nasisitiza volti na namba, si umbo. Betri mbili zinaweza kufanana kwa sura, moja ikawa ya volti 7.6 na nyingine 11.4. Akasema ataipakia kwenye taksi ya asubuhi. Kutoka Kampala hadi hapa ni karibu kilomita 200.

Saa tano

Mwanafunzi wa chuo. Laptopu yake imetumika Uingereza kabla ya kuletwa huku, na analalamika kwamba kitufe chenye alama ya @ kinatoa alama za kunukuu, kwa hiyo hawezi kuandika barua pepe yake. Alishatenga pesa za kibodi nyingine. Nilitazama alama ya £ juu ya 3, nikatazama kitufe cha Enter kirefu kilichosimama wima, nikajua. Kibodi ni ya Kiingereza cha Uingereza, Windows imepangwa kwa Kiingereza cha Marekani. Ni kubadilisha mpangilio wa lugha, dakika moja. Sikumtoza. Akauliza kama nina hakika haitarudi, nikamwonyesha njia ya kuifikia mwenyewe, na pia jinsi mtu anavyoweza kuiwasha kwa bahati mbaya ile huduma ya kuchuja vitufe: ukishikilia Shift ya kulia kwa sekunde 8 bila kujua, baadaye kibodi haiitikii mguso wa haraka, nawe unadhani imezeeka.

Saa sita

Hii ilinichosha moyo. Kijana wa duka la jumla, soda juzi usiku, na laptopu kalaza kwenye mchele siku nzima. Punje moja ilikuwa imekwama kwenye tundu la USB. Mchele haunyonyi sukari. Maji hukauka yenyewe, sukari na asidi ya soda zinabaki, na asidi hiyo hula shaba polepole. Angeizima papo hapo, akachomoa chaja, akaigeuza kifudifudi mfano wa hema, huenda angeokoa zaidi.

Vitufe vilivyokufa vilikuwa vimetawanyika, hakuna viwili jirani. Alidhani soda iliruka ruka. Chini ya vitufe kuna plastiki tatu nyembamba zilizolaliana, na juu yake njia za umeme zimechorwa kwa safu za kulala na za kusimama. Kila kitufe ni njia panda. Njia moja ikiliwa, vinakufa vyote vinavyoitumia, hata vikiwa mbali. Nilimchorea kwenye karatasi na vikaangukia mstari mmoja. Hapo kibodi inabadilishwa kweli, sina la kumfariji. Madabodi, yaani bodi kuu ya ndani, tuliisugua kwa spiriti ya isopropili na mswaki laini, na ilipokauka ikawaka. Kibodi nimeiagiza, aje kesho kutwa.

Saa nane mchana

Posho, yaani ugali, na maharagwe kwa haraka. Umeme ukakatika, tukachaji simu za watu kwa sola hadi saa kumi.

Saa kumi na moja na nusu jioni

Betri imefika, imefungwa kwa gazeti. Namba zinalingana, volti zinalingana. Nikaiweka, nikarudisha utepe wa kibodi ya ndani, nikafungua kibodi ya kwenye skrini. Ctrl ikakolea tena.

Moyo ulishuka. Nikaing'oa kibodi, nikaiweka juu ya kioo: bati lake la chini limepinda upande wa kushoto. Imesukumwa wiki tatu, haikurudi.

Mama alikuwa amefika tayari, lori limeshavuka, amevaa kitenge cha kutokea. Sikutaka kumwambia habari ya shilingi 80,000 nyingine. Nikamuuliza, "Mama, ile kibodi ya zamani, ya kwanza kabisa, ilitupwa?"

"Situpi kitu nilicholipia, mwanangu." Akampigia bintiye nyumbani. Dakika kumi baadaye boda boda akaileta ndani ya mfuko wa sukari.

Nililaza bati lake kwenye kioo: limenyooka. Ilikuwa imetolewa kabla betri haijavimba sana. Nikaichomeka, nikawasha, nikafungua kibodi ya kwenye skrini, nikaondoa mikono. Hakuna kilichokolea. Nikapitisha kidole kitufe kwa kitufe, safu kwa safu, mama akitazama kila kimoja kikiwaka na kuzima kwenye skrini. Vyote.

"Kumbe haikuwa na kosa," akasema.

Nikampangia chaji ikomee asilimia 80, kwa kuwa laptopu yake hushinda kwenye umeme ofisini. Akalipa betri na ufundi. Ile kibodi iliyopinda akaniachia kwa ajili ya kijana, ajifunzie kunyanyua vitufe bila kuvunja vibanio.

Saa moja na nusu usiku tumefunga. Nimelihamisha debe la mchanga hadi nyuma, mahali ambapo watoto hawapiti.